Mtoto Amegoma Kwenda Shule: Mwongozo Kamili wa Kumrudisha Darasani Bila Fimbo

Kila shule zinapofunguliwa, maswali ya wazazi ni yale yale. Mtoto alikuwa anakwenda shule vizuri, sasa kila asubuhi analia, anashika tumbo, anang'ang'ania mlango. Ameshachapwa, amebembelezwa, amenunuliwa begi jipya, wengine wamehamishwa hata shule. Bado hajaenda.

Wengi wanakwama mahali pamoja. Jumatatu wanambeba kwa nguvu. Jumanne wanamhurumia, anabaki. Jumatano baba anafoka. Alhamisi bibi anasema mwacheni mtoto apumzike. Katika hayo yote mtoto anajifunza jambo moja: nikilia vya kutosha, kuna siku watalegea. Na kila siku anayobaki nyumbani inaifanya kesho yake iwe ngumu zaidi, kwa sababu masomo yanampita na marafiki wanaanza kuuliza yuko wapi.

Mwongozo huu unamhusu zaidi mtoto wa miaka 5 hadi 14 anayebaki nyumbani wazazi wakijua, na anayeonekana kuogopa au kuwa na huzuni. Mtoro ni mwingine: yeye anaaga asubuhi akiwa na sare, kisha anaishia kwenye banda la video. Mtoro hahitaji ngazi ya woga nitakayoieleza hapa. Anahitaji usimamizi, mawasiliano ya kila siku kati ya nyumbani na shule, na mtu wa kumuuliza kwa utulivu anafuata nini huko anakokwenda.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu. Usitegemee kumbukumbu yako. Asubuhi za vurugu zote hufanana.
- Karatasi tupu na penseli mbili za rangi, nyekundu na kijani.
- Namba ya simu ya mwalimu wa darasa, na jina la mtu mmoja shuleni ambaye mtoto hamwogopi. Hata mpishi au mlinzi anafaa.
- Sare kamili, viatu, madaftari, nauli. Mtoto asiye na soksi siku ya ukaguzi ana sababu ya kweli ya kuliogopa geti.
- Mtu mzima mmoja atakayepatikana kila asubuhi kwa wiki mbili au tatu. Hili ndilo gumu kuliko yote. Kama wazazi wote mnatoka alfajiri, mwombeni shangazi, mjomba au jirani anayeaminika. Msimwachie bodaboda.

Usinunue zawadi kubwa. Ukianza na baiskeli, wiki ya pili hutakuwa na cha kumpa.

## Hatua ya 1: Mpeleke kituo cha afya, mara moja na kwa ukamilifu

Sababu: huwezi kumwambia mtoto avumilie tumbo ambalo wewe mwenyewe huna hakika nalo. Ukiwa na shaka utalegea, naye ataiona shaka hiyo usoni mwako.

Mweleze mhudumu kwamba mtoto anaumwa asubuhi za shule, na uombe apimwe kinachostahili: malaria, mkojo, choo, wingi wa damu. Usisahau macho na masikio. Mtoto asiyeona ubao hukaa darasani akiogopa kuulizwa swali, na nyumbani anachojua kusema ni "sipendi shule." Mwenye kifafa, pumu au selimundu anaweza kuwa anaogopa kuanguka au kuzidiwa mbele ya wenzake. Huyo anahitaji walimu wajue cha kufanya, naye ajue kwamba wanajua.

Maumivu ya hofu ni maumivu ya kweli. Mtu akiogopa, mwili humwaga homoni za dharura: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, tumbo linavurugika. Kwa hiyo usimwambie "unajifanya." Akisikia hivyo, kesho atalia kwa sauti zaidi ili umwamini.

Tahadhari: homa, kupungua uzito, damu kwenye choo, kutapika kila mara, maumivu yanayomwamsha usiku wa manane, au yaliyokaa sehemu moja mbali na kitovu, si ya mwongozo huu. Hayo ni ya daktari.

Umefaulu ikiwa: umeambiwa hakuna ugonjwa, au upo na unatibiwa, na wewe mwenyewe umeona kama tumbo hupoa kufika saa nne asubuhi na halimsumbui Jumamosi. Kuanzia hapo usimrudishe hospitali kwa tumbo lile lile kila wiki. Kila safari ya hospitali ni siku nyingine nje ya darasa.

## Hatua ya 2: Hakikisha shule yenyewe haimdhuru

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo ambayo kuiruka ni hatari. Kumrudisha mtoto kwa upole mahali anapoumizwa ni kumsaidia anayemuumiza.

Usimuulize "kwa nini hutaki shule?" Jibu litakuwa "sijui," na mara nyingi ni kweli hajui namna ya kusema. Chukua ile karatasi, mchore pamoja ramani ya siku yake: njia ya kwenda, kituo cha basi, geti, mahali pa kupanga mstari, darasa na dawati lake, choo, uwanja, kwa mama anayeuza maandazi. Mpe penseli. Apake kijani panapomfurahisha na nyekundu asipopapenda. Kisha gusa sehemu moja nyekundu na uulize maswali madogo: "Hapa huwa kuna nani?" "Mwalimu anakuwa wapi muda huo?" "Ni saa ngapi panakuwa pabaya zaidi?"

Baada ya swali, nyamaza. Mtoto mdogo huzungumza vizuri zaidi mikono yake ikiwa na kazi na macho yako yakiwa kwingine, kwa mfano mkichambua mchele au kumenya karanga.

Rangi nyekundu hukaa mahali ambapo mzazi hakupafikiria. Choo, kwa sababu milango haifungi na wakubwa hukaa mlangoni. Kwa msichana aliyevunja ungo, choo kisicho na maji kinatosha kumweka nyumbani siku nne kila mwezi. Mstari wa asubuhi, kwa sababu ndipo majina ya wasiolipa ada husomwa. Kipindi cha Kiingereza, kwa sababu alisoma kwa sauti akachekwa. Kiti cha nyuma cha basi la shule: hiki ukikiona chekundu usikipite haraka. Uliza nani hukaa pale, na nani humshusha mwisho.

Tahadhari kubwa: akikuambia ameguswa sehemu za siri, ametishwa, au amepigwa mpaka akaumia, acha mwongozo huu hapo hapo. Usimhoji kama polisi, usimfokee, usimpigie mtuhumiwa simu. Mwambie: "Nimekusikia. Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako." Kama ameingiliwa, usimwogeshe wala usifue nguo alizovaa, mwahishe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kukinga maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi. Namba 116 ya kusaidia watoto ni ya bure, na inafanya kazi Tanzania, Kenya na Uganda.

Kuhusu viboko: Kenya sheria imevipiga marufuku shuleni. Tanzania kanuni za 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, kwa kibali cha mwalimu mkuu, na adhabu iandikwe kwenye kitabu chake. Una haki ya kwenda kuuliza kilichoandikwa. Nenda kwa adabu, lakini nenda.

Umefaulu ikiwa: tatizo si "shule" tena. Una orodha fupi ya mahali, saa au watu, na kile ambacho watu wazima wanaweza kukirekebisha kimeanza kurekebishwa.

## Hatua ya 3: Andika asubuhi tano

Usibadilishe chochote kwanza. Andika tu unachokiona na kukisikia, pamoja na saa. Mfano wa ukurasa mmoja:

*Jumatatu. Saa 12:10 kaamshwa, kimya. 12:30 kaona sare kitandani, "tumbo." 12:50 mlangoni, analia, "nitatapika." Sikumjibu kitu, nikamkumbatia. 1:15 baba kaondoka. 1:20 nikasema basi baki. 1:40 kala chapati mbili, yupo kwenye katuni.*

Soma mistari miwili ya mwisho taratibu. Chapati mbili hazimaanishi alikuwa anadanganya; hofu hushuka mara tu kinachoogopwa kinapoondoka, na njaa inarudi. Katuni nazo zinakuonyesha nyumbani kunamlipa nini.

Kwa kawaida utakuta sababu moja au mbili kati ya hizi nne:

Anakimbia mahali au hali fulani. Choo, kelele za darasa lenye watoto tisini, basi.

Anakimbia macho ya watu. Kusoma mbele ya darasa, mtihani, kuchekwa kwa sababu ya lafudhi, mwili au viatu. Huanza au huzidi wakati wa kubadili darasa au shule.

Anataka kuwa karibu na mzazi. Chunguza kama kulikuwa na msiba, mama kulazwa, mtoto mchanga, baba kuhamia mkoa mwingine, au ugomvi wa usiku ambao mnadhani hausikiki. Mtoto huyu haogopi shule. Anaogopa kinachoweza kutokea nyumbani yeye akiwa hayupo.

Nyumbani kuna raha zaidi. Simu, runinga, usingizi, dukani kwa mjomba. Mara nyingi hii huja baadaye: alibaki kwa woga, akagundua kubaki kuna utamu.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusema kwa sentensi moja, "Mwanangu anakimbia hiki, na akibaki anapata kile."

## Hatua ya 4: Watu wazima wote waseme neno moja

Kaeni chini mtoto akiwa amelala. Baba, mama, bibi, dada wa kazi, kaka mkubwa. Mkubaliane kwamba hakuna atakayeamua peke yake, bila wengine kujua, kwamba mtoto abaki nyumbani, na hakuna anayechapa wala kutukana.

Sababu: tabia inayolipwa mara moja moja ndiyo ngumu kuliko zote kuiondoa. Kilio kikifanikiwa siku moja kati ya kumi, mtoto atalia siku zote kumi, kwa kuwa hajui ipi ndiyo yenyewe. Fimbo nayo inampa woga wa pili juu ya ule wa kwanza. Inaweza kumfikisha getini leo, lakini haimfundishi kukaa darasani, na inafunga mdomo wake siku atakapokuwa na jambo zito la kukueleza.

Kauli iwe fupi, na iwe ile ile kwa kila mmoja: "Najua unaogopa. Shule utakwenda. Nitakuwa na wewe mpaka getini."

Bibi asinyamazishwe, apewe kazi. "Mama, tunaomba wewe ndiye umpokee akirudi, umpe uji, akueleze siku yake." Kwa njia hiyo huruma yake inamvuta mtoto kurudi kutoka shule badala ya kumzuia kwenda.

Jiandaeni pia kwa hili: siku za kwanza kilio kitaongezeka. Atajaribu kwa nguvu zaidi njia ambayo zamani ilikuwa inamsaidia. Wazazi wengi huacha hapo hapo, wakidhani wamemuumiza. Kama hatua ya 1 na ya 2 mlizifanya sawasawa, shikilieni.

## Hatua ya 5: Zungumza na mwalimu kabla mtoto hajarudi

Tuma ujumbe kwanza, usimvamie mlangoni mwa darasa:

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wako wa Darasa la Tatu. Mtoto amekuwa na hofu kubwa ya shule kwa wiki kadhaa. Hospitali wamempima, hana ugonjwa. Tunataka kumrudisha kidogo kidogo kuanzia Jumatatu. Naomba dakika kumi na tano za kuzungumza nawe, muda wowote utakaokufaa."*

Ukionana naye, omba mambo machache tu, yaliyo wazi. Mtu mmoja ampokee getini kwa jina. Asiulizwe mbele ya darasa "ulikuwa wapi?" Asiadhibiwe kwa kuchelewa katika wiki hizi. Hofu ikimzidi, awe na mahali pa kukaa dakika tano kisha arudi *darasani*, si nyumbani. Na shule isikuite umchukue kwa sababu ya tumbo pekee, kama hana homa wala hajatapika.

Mwalimu mwenye darasa la watoto tisini hawezi kumsimamia mmoja siku nzima, na si haki kumlaumu kwa hilo. Mwombe amweke dawati moja na rafiki mtulivu, na uulize kama kuna mwalimu wa malezi au wa ushauri nasaha. Kama kuna deni la ada, limalize kwa mwalimu mkuu kwa mpango wa malipo, na uombe deni liulizwe kwako, si kwa mtoto.

Umefaulu ikiwa: unajua jina la atakayesimama getini Jumatatu na saa atakayokuwepo.

## Hatua ya 6: Jenga ngazi ya woga

Kama amekosa siku chache tu, huhitaji ngazi. Arudi siku nzima mara moja, kesho yake. Ngazi ni ya aliyekaa nyumbani wiki kadhaa au zaidi.

Mfundishe kwanza kupima hofu kwa vidole: sifuri ni shwari kabisa, kumi ni hofu kuliko zote. Kisha mpange pamoja hatua ndogo, kuanzia rahisi. Huu ni mfano wa mtoto wa miaka 9 anayeogopa kelele za darasa na mstari wa asubuhi:

1. Kuvaa sare nyumbani jioni, ale chakula akiwa nayo. Hofu 2.
2. Kutembea naye hadi getini Jumamosi, shule ikiwa tupu. Hofu 3.
3. Kuingia darasani saa kumi jioni, wenzake wameondoka, mwalimu yupo. Akae kwenye dawati lake. Hofu 4.
4. Kipindi kimoja anachokipenda, mzazi amekaa chini ya mti. Hofu 6.
5. Vipindi vyote mpaka mapumziko, mzazi yuko getini. Hofu 7.
6. Mpaka mapumziko, mzazi ameondoka. Hofu 8.
7. Siku nzima, lakini anaingia baada ya mstari. Hofu 8.
8. Siku nzima, kuanzia mstarini. Hofu 10.

Kanuni moja inabeba hatua hii yote: asiondoke hofu ikiwa kileleni. Hofu hupanda, hufika juu, kisha hushuka yenyewe mtu akikaa mahali pale pale na kuona hakuna kilichompata. Akitoka ikiwa tisa, ubongo wake unaandika kwamba kutoka ndiko kulikomwokoa, na kesho geti litatisha zaidi. Akikaa mpaka ishuke angalau nusu, amejifunza kwa mwili wake kwamba inapita. Muulize vidole kila baada ya dakika chache. Usimchoshe kwa maneno katikati. Avute pumzi puani taratibu, aitoe mdomoni polepole zaidi ya alivyoivuta.

Rudia ngazi moja mpaka alama ishuke, kisha panda. Ukikwama siku mbili tatu, ngazi hiyo ni ndefu mno, igawe. Kati ya ya 5 na ya 6 unaweza kuweka "mzazi yuko dukani nje ya shule." Kurudi chini ngazi moja si kushindwa. Kukaa nyumbani wiki nzima "ajipange" ndiko kunakobomoa kila kitu.

Kwa mtoto anayeogopa kukuacha, ngazi ijengwe kwa umbali wako, si kwa vipindi. Kwa anayekimbia macho ya watu, anza na kujibu swali dawatini kwa mwalimu, kisha mbele ya wawili, na kusoma mbele ya darasa kuje mwisho.

Umefaulu ikiwa: anaingia huku anaogopa. Usingoje siku atakayoingia bila woga. Woga huisha baada ya kuingia mara nyingi, si kabla.

## Hatua ya 7: Asubuhi yenyewe

Asubuhi huanza jana usiku. Sare imepigwa pasi, begi liko mlangoni, simu iko chumbani kwa wazazi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Wa miaka 13 na kuendelea, saa 8 hadi 10. Aliyelala saa sita usiku atagoma hata kama haogopi chochote.

Usiulize "leo utaenda?" Swali hilo lina majibu mawili. Mpe uamuzi kwenye mambo madogo: viatu kwanza au chai kwanza? Akilia, sema ile kauli ya hatua ya 4 mara moja, kisha endelea kufunga kamba za viatu. Hotuba ndefu humpa hofu nafasi ya kukua.

Getini, mkumbatie, sema utamchukua saa ngapi, geuka uondoke. Usitoroke akiwa ametazama kwingine. Kesho atakushika nguo mpaka ichanike. Usiseme "niko hapa nje" kama hutakuwepo. Usimburute chini, na usimpakie bodaboda kwa nguvu. Ni hatari barabarani.

Akikataa kabisa, afanye ngazi iliyo karibu anayoiweza. Hata kuvaa sare na kufika getini ni bora kuliko kurudi kitandani.

## Hatua ya 8: Saa za shule nyumbani ziwe saa za shule

Siku ambayo hakwenda, au amerudi mapema kwa mujibu wa ngazi, hakuna runinga, simu, wala kucheza nje mpaka kengele ya shule yake ilie. Anakula kama kawaida. Anafanya kazi za darasani au anakaa kimya. Watu wazima wanaongea naye kwa upole lakini kidogo.

Hii si adhabu, kwa hiyo isiambatane na masimango. Wala asigeuzwe mtumishi wa kuchota maji na kufua siku nzima. Muda wa shule ukiisha, maisha yanarudi kama kawaida, runinga ikiwemo.

Hatua hii ni ngumu kwenye nyumba ya wapangaji wengi, ambako runinga ya jirani haizimwi. Zungumza na jirani. Wengi huelewa wakielezwa.

## Hatua ya 9: Sifu tendo, siku hiyo hiyo

"Leo uliingia darasani huku unaogopa. Nimekuona." Inatosha. Taja alichofanya, si alivyo. Baba akiambiwa kwa simu mbele ya mtoto, ni tuzo kubwa kuliko soda.

Ukitaka tuzo, iwe ndogo na ya jioni hiyo: achague chakula cha usiku, acheze mpira na mjomba, mtoto anayemng'ang'ania mama apate robo saa ya peke yake na mama bila simu. Fungamanisha tuzo na ngazi aliyopanda, kamwe si na alama za mtihani. Usimlinganishe na mdogo wake.

## Akirudi nyuma

Atarudi nyuma. Tazamia Jumatatu, siku ya kwanza baada ya likizo, na baada ya kuugua. Usianze upya kutoka ngazi ya kwanza. Shuka moja au mbili, kaa hapo siku moja, panda. Siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, rudisha saa za kulala na utembee naye hadi getini.

## Kijana wa sekondari na wa bweni

Ngazi ni ile ile, lakini kijana asipangiwe kama mtoto. Kaa naye, mwandike pamoja, yeye aamue mpangilio na wewe uamue kwamba lengo ni kurudi. Akikupigia kutoka bweni akilia "njoo unichukue," usiahidi kwenye simu. Nenda ukamwone, zungumza naye nje ya ofisi, kisha na matroni au patroni. Maswali ya hatua ya 2 yanamhusu yeye zaidi ya mtoto wa kutwa, maana usiku hana pa kukimbilia.

Kwa umri huu chunguza sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Kama kwa wiki mbili au zaidi amepoteza hamu ya vitu alivyovipenda, usingizi na kula vimebadilika, anajitenga, anakasirika ovyo au anasema hana thamani, hilo si kugoma shule tu. Muulize waziwazi kama amefikiria kufa au kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu kwamba kuna aliyeona.

## Wakati wa kumwona mtaalamu

Tafuta msaada ikiwa wiki tatu za kufuata hatua hizi hazijampandisha hata ngazi mbili. Ikiwa anapata vipindi vya kutetemeka na kukosa pumzi. Ikiwa ameacha kula, kuongea au kutoka chumbani. Au ikiwa nawe mzazi umefika mahali unaogopa hasira yako mwenyewe.

Anza hospitali ya wilaya au ya mkoa, uulize huduma za afya ya akili, na afisa ustawi wa jamii. Rufaa zinaweza kumfikisha Muhimbili au Mirembe kwa Tanzania, Mathari kwa Nairobi, Butabika kwa Kampala. Beba lile daftari, ramani yake yenye rangi na majibu ya vipimo. Mtaalamu atauliza lilianza lini, nini kilitokea nyumbani na shuleni kabla yake, na mmeshajaribu nini.

Kama ametaja kujiua, au umekuta barua, kamba, au dawa zilizokusanywa, usimwache peke yake hata chooni bila mtu kuwa mlangoni. Ondoa nyumbani sumu ya panya, dawa za mazao na vidonge vyote. Usimkemee wala usimwambie anamtia mama yake aibu. Usisubiri miadi ya wiki ijayo. Nendeni hospitali leo, na mtu anayemwamini akae naye njiani na pale mapokezi mpaka aonwe.